AUZAYE MTAMBO ABEBE NA MZIGO WAKE

Yako maneno yanayotembea siku hizi, nayo husemwa kwa sauti tamu: ati nchi inayokua upesi haina nafasi ya kuchagua; ikitaka umeme wa nyuklia imfungulie mgeni mlango, isimwulize maswali mengi, asije akakasirika akaondoka na mtambo wake. Wenye kusema hivyo huitaja India kuwa mfano. Nasi twasema: vema, na tuitazame India. Lakini tuitazame yote tangu mwanzo, si kile kipande tu kinachompendeza muuzaji.

Kwanza tufunge mdomo wa wazushi. Sisi hatupingi umeme. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na karibu robo tatu ya umeme wao hutoka katika makaa ya mawe, ambayo moshi wake huingia katika vifua vya watoto. Februari 2025 Serikali ya India ilitangaza kwamba kufikia mwaka 2047, mwaka wa mia wa Uhuru wake, itakuwa na megawati 100,000 za nguvu za nyuklia, hali wakati huo ilikuwa nazo 8,000 na kitu tu. Ni shabaha kubwa, na taifa linalojitawala lina haki ya kuwa na shabaha kubwa. Swali letu ni moja: kwa masharti ya nani?

Twende Tarapur, kaskazini ya Mumbai. Hapo kampuni ya Marekani, General Electric, ilijenga vinu viwili vilivyoanza kazi mwaka 1969. Mkataba ulisema urani ya kuviendesha italetwa na Marekani. Mwaka 1974 India ililipua bomu la majaribio huko Pokhran. Mwaka 1978 Marekani ikatunga sheria yake, na ile urani ikacheleweshwa, kisha ikakoma. Hatuandiki haya ili kulisifu bomu. Twaandika ili msomaji aone jambo lenyewe: ardhi ilikuwa ya India, vinu vilikuwa vya India, wafanyakazi walikuwa wa India, lakini kiberiti kilikuwa Washington. Ikabidi India ikabishe hodi Ufaransa, kisha China, kisha Urusi. Wazee wetu walikwisha sema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, mtegemea cha asiye nduguye?

Sasa twende Rajasthan. Huko walikuwako Wakanada, nao baada ya mwaka 1974 walifunga mizigo yao wakaondoka, kinu cha pili hakijakwisha. Wahandisi wa India hawakukaa chini kulia. Walikimaliza wenyewe, kikaanza kazi mwaka 1981. Kutoka hapo wakaendelea kujenga vya kwao, vya aina inayotumia urani ya kawaida isiyorutubishwa, ili wasimtegemee mwenye kiwanda cha kurutubisha. Walianza na vidogo vya megawati 220, wakaja vya 540, kisha vya 700. Viwili vya megawati 700 huko Kakrapar, Gujarat, viliingia kazini mwaka 2023 na 2024. Kweli, navyo vilichelewa. Lakini vilipochelewa, kilichobaki nchini ni ujuzi; na ujuzi haurudishwi kwa meli.

Hayo ni ya mtambo. Yako ya hatia, nayo ni mazito zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha Bhopal ambacho zaidi ya nusu ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya Marekani, Union Carbide. Maelfu ya watu walikufa, wengine wakabaki na macho na mapafu yaliyoharibika. Mwenyekiti wa kampuni alikamatwa, akapewa dhamana, akapanda ndege kwenda kwao. Alikufa mwaka 2014 asijarudi kujibu mashtaka. Mwaka 1989 kampuni ililipa dola milioni 470, na mambo yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Kwa mwenye kiwanda. Kwa mama wa Bhopal hayajakwisha hata leo.

Watu wa India hawakusahau. Kwa hiyo mwaka 2010, Bunge lao lilipotunga sheria ya fidia ya ajali za nyuklia, liliweka katika kifungu cha 17 jambo ambalo wauzaji wa dunia hawakulizoea: kama ajali imetokana na kasoro ya mtambo au kazi mbovu ya aliyeuleta, mwendeshaji akishawalipa watu anaweza kumgeukia muuzaji na kumdai. Je, kuna haki iliyo wazi kuliko hiyo? Fundi akikuezekea nyumba kwa miti iliyooza, paa likawaangukia wanao, humwambii, "Ahsante, fundi, kwa heri." Lakini makampuni ya Marekani na Ufaransa yakanung'unika miaka kumi na mitano. Yalisema vinu vyao ni salama kabisa. Yakasema vile vile kwamba hayawezi kuuza kama yatabeba hatari. Sisi twauliza: kama ni salama kabisa, hatari gani hiyo wanayoiogopa?

Desemba 2025 Bunge la India lilitunga sheria mpya. Ile ya mwaka 2010 imefutwa, makampuni ya watu binafsi yamefunguliwa mlango, na haki ya kumdai muuzaji kwa sababu ya kasoro ya mtambo imeondolewa. Imebaki pale tu mkataba wenyewe unapoiandika, au mtu anapoleta madhara kwa kusudi. Maana yake ni kwamba mnyonge ataitafuta haki yake katika karatasi iliyoandikwa na mwenye nguvu.

Watetezi wa sheria hii husema: ile ya zamani iliwafukuza wageni. Tazameni, husema, tangu mapatano ya mwaka 2008 hakuna kinu hata kimoja cha Marekani wala cha Ufaransa kilichoanza kujengwa. Ni kweli hakuna. Lakini Westinghouse, iliyotaka kujenga vinu sita huko Kovvada, iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi wa Machi 2017 kwa sababu ya hasara ya vinu iliyokuwa ikivijenga huko huko Marekani. Wafaransa waliotaka kujenga sita huko Jaitapur walianza kinu cha namna hiyo hiyo kwao Flamanville mwaka 2007, wakiahidi kukimaliza mwaka 2012. Kikaunganishwa na nyaya za umeme Desemba 2024, gharama imepanda mara kadhaa. Ni sheria gani ya India iliyowakwamisha Flamanville? Na Warusi walitia sahihi vinu vya tatu na vya nne vya Kudankulam mwaka 2014, sheria ile ipo. Basi kilichowakwamisha wengine ni bei yao na kazi yao, wala si kifungu cha 17.

Tena wako wavuvi wa Idinthakarai, karibu na Kudankulam. Mwaka 2011 na 2012, baada ya ajali ya Fukushima, walisimama kuuliza juu ya bahari yao. Wakajibiwa kwa polisi, na maelfu wakaandikiwa mashtaka ya uchochezi. Sisi tulionyimwa kusema na mkoloni twalijua neno hilo, na tukilisikia katika kinywa cha serikali ya watu huru linatuuma zaidi.

Mtu asiseme haya ni ya mbali. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukipinga kinu kilichotakiwa kujengwa kando ya bahari yao. Baadaye macho yakahamia Siaya. Kwetu Namtumbo, penye urani ya Mto Mkuju, kampuni ya Kirusi ilizindua mtambo wa majaribio mwaka 2025. Muuzaji hayuko njiani. Amekwisha fika barazani.

Basi kila tawi na lijadili mambo haya kabla mkataba haujatiwa sahihi. Tuulize: nani ataleta urani, na akikasirika tutafanya nini? Vijana wetu wangapi watafundishwa kuujenga mtambo, si kuufagia tu? Ukiwa na kasoro, nani atalipa? Na wenye ardhi na bahari, wameulizwa? Mgeni asiyeweza kuyajibu maswali hayo manne tumkaribishe chai, kisha tumsindikize.