MZEE ASIYEULIZA NI HATARI KULIKO MZEE ASIYEJUA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Vijana wetu wa Same mjini mpaka Gonja na Mamba wanaandika: "Viongozi wazee hawaijui teknolojia, wakae pembeni." Ndugu yangu, huo ni ukweli nusu, na ukweli nusu hupoteza watu.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwalimu Nyerere wakati huo alikuwa na miaka 52. Je, huyo ni kikongwe?

Njoo karibu zaidi. Julai 2021 ililetwa tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alikuwa na miaka 46. Simu anaijua vizuri. Lakini je, aliulizwa yule mama wa Mamba anayelima tangawizi, ambaye simu ndiyo benki yake? Wakati huo mwanawe akituma kutoka Dar alikatwa, mama akitoa alikatwa. Watu wakalia, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa nini kilio kitangulie ndipo swali lifuate?

Sisi Wapare hili tumelirithi. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu wakaja hapa Same kupinga kodi ya mbiru, waliyokadiriwa kwa njia wasiyoielewa.

Sasa mtazame Mtume wetu ﷺ. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alikuwa amevuka miaka 55. Salman al-Farisi (r.a.) akaleta mbinu ya Waajemi ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Mtume hakusema "mimi ndiye mkubwa". Alilikubali, akabeba udongo kwa mikono yake. Madina ikasalimika.

Basi mzee asiyejua kutumia programu ya simu hana dhambi. Dhambi ni kutunga sheria juu ya usichokijua, na wanaokijua wapo mlangoni pako. Allah katika Suratun-Nahl ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi. Amri hiyo haina kikomo cha umri wala cheo.

Na wewe kijana, usicheke. Kubonyeza simu si kuijua teknolojia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Walionaswa humo, wakalipa riba na kuaibishwa kwa jamaa zao wote, ni babu zako wa Usangi? Ni nyinyi mnaojiita wajuzi!

Kwa hiyo akija mbunge au diwani, mwenye mvi au asiye nazo, usimuulize miaka yake. Muulize: "Kabla ya kupitisha jambo hili, ulimuuliza nani?" Akikosa jibu, umeshamjua.

Allah atupe viongozi wanaouliza, na atupe sisi ujasiri wa kuwaambia kweli kwa adabu. Aamin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako.