Rendeni picha moja moja, msirende video

Kwa wanafunzi wanaotengeneza katuni kwa kompyuta za kawaida, kuna jambo ambalo kwetu huku Punia ndilo zito kuliko yote: umeme. Dakika moja ya katuni, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 1,440. Fremu moja ikichukua dakika tano kurenda (kompyuta kuichora iwe picha kamili), hizo ni saa 120, yaani siku tano usiku na mchana. Jenereta gani itawaka muda wote huo, na mafuta atanunua nani? Kwa hiyo msirende video moja kwa moja, maana umeme ukikatika katikati itabidi mwanze upya. Rendeni picha za PNG, moja moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 612, ukirudi mnaanzia hapohapo. Zikitimia zote ndipo mnaziunganisha kuwa video.

Kikundi kikiwa na kompyuta nne, kila moja ipewe fremu 360. Ila wote mtumie toleo lilelile la Blender, programu mnayotengenezea katuni, na picha mlizovisha vitu ndani ya katuni zifungwe kwenye faili kabla ya kuligawa kwa flashi. La sivyo, ule ukuta wa udongo mliohangaika nao utatokea wa rangi ya waridi kali kwenye mashine ya mwenzenu.

Nanyi walimu, tafadhali msiwalazimishe vijana kutumia Cycles, injini nzito ya kurendia ya Blender. Filamu ya Flow, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilirendiwa kwa EEVEE, injini nyepesi iliyomo ndani ya Blender hiyohiyo ya bure.