Denmark: Leseni ilifutwa, chaneli tatu zikatoka hewani

Tulipogusia televisheni ya umma ya Denmark katika kipindi cha asubuhi, simu nyingi ziliingia na swali moja: kama chombo ni cha wananchi, nani ana mamlaka ya kukiondolea chaneli? Dakika tatu hewani hazikutosha kujibu, kwa hiyo tunaeleza hapa.

Shirika lenyewe linaitwa DR. Lilianza mwaka 1925 likiwa redio, na mpaka leo halirushi matangazo ya biashara. Kwa miaka mingi fedha zake zilitoka kwenye leseni iliyolipwa na kila kaya. Kufikia 2018 leseni hiyo ilikuwa takriban krone 2,500 kwa mwaka. Huna televisheni? Simu au kompyuta yenye intaneti ilitosha kukufanya udaiwe. Tajiri na kibarua wa mshahara mdogo walitozwa kiasi kile kile, kwa hiyo manung'uniko hayakukosekana.

Machi 2018 serikali ya Waziri Mkuu Lars Løkke Rasmussen ilikubaliana na chama cha Dansk Folkeparti kufuta leseni hatua kwa hatua, imalizike kabisa mwaka 2022, na DR ilipwe kutoka kwenye kodi. Katika makubaliano hayo hayo, bajeti ya DR ilipangwa kupunguzwa kwa asilimia 20 ndani ya miaka mitano.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Kufuta leseni ni jambo moja, kukata bajeti ni jingine. Yalifungwa kwenye furushi moja, na mwananchi aliyefurahia kuondolewa leseni akajikuta amepokea yote mawili. Wenye magazeti binafsi walikuwa wakilalamika kwamba habari za bure kwenye tovuti ya DR zinawanyima wateja. Dansk Folkeparti nacho kilikuwa kikidai DR inaegemea mrengo wa kushoto. Hoja ya magazeti naona ina uzito. Hii ya pili inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayekasirishwa na habari ndiye huyo huyo aliyekaa mezani kupanga fedha za chumba cha habari.

Septemba mwaka huo mkurugenzi mkuu, Maria Rørbye Rønn, alitangaza kwamba chaneli sita za televisheni zitabaki tatu, na mamia ya wafanyakazi watapoteza ajira. Januari 2020 ikawa kweli. DR K, ya utamaduni na historia, iliunganishwa na DR2. DR3 ya vijana na DR Ultra, ya watoto wa miaka 7 hadi 12, zikahamia mtandaoni. Serikali ilikuwa imebadilika Juni 2019, lakini chaneli hizo ziliondoka hewani kama ilivyopangwa.

DR ilijitetea kwamba vijana na watoto wengi tayari wanatazama mtandaoni. Kwa Denmark hoja hiyo inaingia akilini, maana intaneti imeenea. Hata hivyo, wewe unayesoma hapa ukihesabu MB zilizobaki unajua tofauti: kwa antena unawasha tu na kutazama, mtandaoni kila dakika ina bei.

Jirani yao Sweden nao walifuta leseni, mwaka 2019. Wao waliweka ada ya asilimia 1 ya kipato yenye kikomo, ili mwenye kipato kidogo alipe kidogo, na fedha zake huwekwa kwenye akaunti ya peke yake nje ya bajeti ya kawaida ya serikali. Bunge bado lina sauti juu ya kiasi kinachotolewa, lakini si rahisi fedha hizo kuchotwa kuziba pengo la barabara au hospitali.

Kwetu sisi wa redio kuna habari moja ya kufurahisha. P6 Beat na P8 Jazz, redio mbili za muziki za DR zilizokuwa kwenye orodha ya kufungwa, ziliokolewa, na wasikilizaji wake wanazisikia hadi leo.