Tunalia wizi, na sisi je?

Jumamosi moja ukumbini Sinza. Bibi harusi anaingia, mshikaji wangu anabonyeza kinanda. Kimya! Kwenye kompyuta yake kidirisha kinadai namba ya leseni. MC akaokoa jahazi kwa vichekesho. Programu ile jamaa alipewa bure kwenye flashi, kama tunavyozipata wengi.

Huyu huyu kila tukikutana ananibana niandike gazetini jinsi nyimbo zake zinavyoibwa. Hivi jamani, wizi ni wizi pale tu unapoibiwa wewe?

Najua, programu hizo zinauzwa kwa dola na hela ya harusi ni ya kuungaunga. Lakini umaskini si kisingizio tena. Nilimwambia tuhamie Linux, akacheka: "Si ya watu wa benki hiyo?" Mwishowe tukaweka Ubuntu Studio, Linux iliyoandaliwa kwa watu wa muziki na video, ambayo ipo tangu 2007. Unapata Ardour ya kurekodia na Qsynth ya kukipa kinanda sauti. Bure, na ni halali.

Sisemi ni mteremko. Adui wa muziki wa jukwaani ni kuchelewa kwa sauti: unabonyeza sasa, inatoka baadaye. Kompyuta huikusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 21 hivi, na mpigaji anaihisi. Tukashuka hadi 256, yaani milisekunde 5 na ushee. Ukishuka mno kompyuta inazidiwa, sauti inakatikakatika. Tukazima Wi-Fi, tukaizuia prosesa isipunguze kasi ili kuokoa umeme, kisha akapiga masaa matatu mfululizo chumbani kwake. Haikukatika.

Zamani kazi hii ilikuwa ya wenye roho ngumu. Siku hizi PipeWire inaunganisha programu za sauti bila ugomvi. Na mwaka 2024, ile sehemu inayoifanya Linux iitikie kwa wakati, PREEMPT_RT, ambayo kwa miaka mingi ilipachikwa kutoka nje, iliingia rasmi katika Linux 6.12.

Kuna alichopoteza. Baadhi ya sauti alizozizoea kwenye Windows ziligoma kabisa, akaninunia siku mbili. Ilibidi atafute nyingine na azizoee upya. Hiyo ndiyo bei, na mimi naona inalipika. Anayetaka kazi ya jasho lake iheshimiwe aanze kuheshimu ya mwenzake.

Jumamosi iliyopita alipiga harusi nyingine, bibi harusi akaingia kwa muziki. Sasa ile habari ya nyimbo zake kuibwa nitaiandika bila kusita.

Na wewe unayesoma hapa, hebu fungua kompyuta yako. Leseni unazo?