Mtakwimu Bima Asiiache Hisabati Njiani

Tangu mwaka 2018 neno "kikokotoo" limetoka katika ofisi za mifuko ya pensheni likaingia katika vyumba vya walimu, na huko limekaa. Mwaka huo mifuko minne iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Kanuni mpya ya mafao ilitangazwa, ikapingwa, na mwezi Desemba ikasimamishwa. Mwaka 2022 ilikuja nyingine, na mwaka 2024 hiyo nayo ikarekebishwa. Mjadala ulikuwa mkali, nao ulistahili kuwa mkali, kwa kuwa ulihusu chakula cha uzeeni. Waliosikika wachache ni wale walioshika penseli na kuuliza namba zenyewe zimetoka wapi.

Yafaa kuanza na mfano. Mwalimu amestaafu baada ya miezi 360 ya utumishi, na wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 17,400,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani iliyowahusu watumishi wengi wa serikali, mshahara huo uligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa miezi ya utumishi. Hupatikana shilingi 11,600,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani 89,900,000. Nusu ya pili ikalipwa kwa miezi, 483,333 kila mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2022 kigawanyo ni 580, sehemu ya mkupuo ni asilimia 33, na kizidisho ni 12.5. Mkupuo huwa 44,550,000 na pensheni ya mwezi 603,000. Marekebisho ya mwaka 2024 yaliipandisha sehemu ya mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipewa nusu. Mengine yakibaki vilevile, mwalimu huyo hupata 54,000,000 papo hapo na 540,000 kila mwezi.

Wengi huishia katika kulinganisha mikupuo, na hawalaumiwi, maana nyumba hujengwa kwa mkupuo. Lakini namba yenye mambo ni ile ya 15.5 iliyogeuka kuwa 12.5. Kwa hakika hiyo ni bei. Mstaafu anauza haki ya kupokea shilingi moja kila mwaka, na mfuko unainunua kwa shilingi 12.50 taslimu badala ya 15.50. Je, bei hiyo ni ya haki? Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyesoma mfululizo wa kijiometri aweza kuanza kujibu. Fedha zikizaa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, shilingi 12.50 za leo zinatosha kulipa shilingi moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka 20 hivi. Kwa riba hiyohiyo, shilingi 15.50 zinatosha kwa zaidi ya miaka 30. Mtu anayestaafu akiwa na miaka 60, bei ya kwanza inamfikisha 80, na ya pili inampitisha 90. Hapo hasira haiondoki, ila inapata pa kusimama: swali sasa ni watumishi wastaafu huishi miaka mingapi hasa, na fedha za mfuko huzaa kiasi gani baada ya kuondoa kupanda kwa bei za vitu.

Taaluma inayoshughulika na maswali ya namna hiyo huitwa takwimu bima; wengine husema aktuaria. Leo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki, na vijana huikimbilia kwa sifa ya mishahara yake. Kukimbilia si kosa. Kosa limo katika namna wengi wanavyoipanga safari. Huichukua hisabati kama daraja la kuvukia: ukishalivuka, unalipa kisogo. Maoni yanayotolewa hapa ni kinyume cha hayo. Anayetaka kuwa mtakwimu bima apange masomo yake ya chuo kama shahada mbili zinazokwenda sambamba, ya takwimu bima na ya hisabati, hata pale ambapo cheti atakachopewa ni kimoja.

Jambo hili si geni duniani. Katika Australian National University, mjini Canberra, mwanafunzi huruhusiwa kusoma shahada ya takwimu bima pamoja na shahada nyingine, hisabati ikiwamo, na baadhi ya kozi huhesabiwa pande zote mbili. Wala si mtindo wa siku hizi tu, kwani taaluma yenyewe ilizaliwa mikononi mwa watu wa hisabati. Edmond Halley, mtaalamu wa nyota, alichapisha mwaka 1693 jedwali la vifo vya mji wa Breslau na kuonyesha jinsi ya kukadiria bei ya malipo ya maisha kwa kufuata umri. James Dodson alikuwa mwalimu wa hisabati mjini London. Alikataliwa na chama cha bima cha zama zake kwa sababu umri wake ulizidi miaka 45; badala ya kunung'unika tu, alikokotoa namna ambavyo mtu wa umri wowote angeweza kukatiwa bima kwa ada isiyobadilika maisha yake yote. Alifariki mwaka 1757, na chama kilichojengwa juu ya hesabu zake kilianza kazi mwaka 1762. Walimu wa somo hilo wanaoambiwa kila siku kwamba hisabati "haina kazi" wana haki ya kumkumbuka Dodson.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa William Brass. Alisomea hisabati Edinburgh, kisha akafanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, kuanzia mwaka 1948 hadi 1955. Alikuta nchi ambazo vifo vingi havikuandikishwa popote. Jedwali la Halley lilitegemea daftari la vizazi na vifo; hapa daftari halikuwapo. Njia iliyokuja kubeba jina lake huanza na maswali mawili ambayo mama yeyote aweza kuyajibu: umezaa watoto wangapi, na wangapi wangali hai? Kutokana na majibu hayo na umri wa akina mama, hisabati inaweza kukadiria vifo vya watoto katika nchi nzima. Fomula ya namna hiyo haikuwa kitabuni ikisubiri kunakiliwa. Ilibidi ibuniwe na mtu aliyejua kwa nini fomula za kitabuni zilifanya kazi, na kwa hiyo akajua mahali ambapo zingeshindwa. Hata leo uandikishaji wa vifo katika nchi hizi haujakamilika. Anayechukua jedwali la wastaafu wa Uingereza na kulitumia kwa wastaafu wa Tabora bila kujiuliza lolote amefanya hesabu sahihi ya watu wengine.

Sasa mpango wenyewe. Huanzia sekondari: bila Hisabati ya Juu katika kidato cha tano na cha sita, mlango ni mwembamba mno, na yafaa mwanafunzi aambiwe hivyo akiwa kidato cha tatu, asije akaambiwa matokeo yakishatoka. Chuoni, mwaka wa kwanza uwe wa kalkulasi, aljebra na programu za kompyuta. Nadharia ya riba yaweza kuingia mapema, maana haidai zaidi ya mfululizo na subira. Kisha uje uwezekano, nao usomwe polepole, kwa kuwa kila kitakachofuata kimejengwa juu yake: jedwali la vifo, ada za bima, akiba ambayo kampuni lazima iiweke, na hata hesabu ya hatari ya kampuni kufilisika, ambayo Filip Lundberg wa Sweden aliianzisha mwaka 1903.

Kozi inayokwepwa sana ni ile ya uchanganuzi, ambamo kalkulasi husomwa upya kwa uthibitisho. Wanafunzi huiahirisha hadi mwaka wa mwisho, au huiacha kabisa, kwa kuogopa kuharibu wastani wa alama. Matokeo yake ni kwamba uwezekano husomwa kwa kukariri, na mtu aliyekariri hujulikana siku data isipofanana na mfano wa darasani. Kozi hii isomwe mwaka wa pili, alama ziwe zitakavyokuwa. Kuna na upande wa pili wa hadhari: idara mbili huweza kufundisha takwimu zilezile kwa majina tofauti, na mwanafunzi akadhani amesoma kozi mbili. Asome orodha ya mada, asisome jina tu.

Upo mvuto mwingine unaopotosha mipango, nao ni msamaha wa mitihani. Chama cha watakwimu bima cha Uingereza, kilichopata umbo lake la sasa mwaka 2010, na vyama vingine vya namna hiyo, humdai mtu mitihani mingi na migumu kabla ya kumtambua. Baadhi ya vyuo vimekubaliana navyo kwamba anayefaulu vizuri kozi fulani asamehewe mitihani fulani. Ni faida kubwa, kwa fedha na kwa miaka. Lakini shahada iliyopangwa kwa kufuata misamaha peke yake hugeuka kuwa mtaala wa mitihani ya watu wengine, na kozi isiyo na msamaha huonekana mzigo. Uchanganuzi mara nyingi hauna msamaha.

Wazazi watapinga, na hoja yao ina uzito. Mwaka mmoja wa ziada ni ada, ni chakula, ni mkopo unaokua. Na mwajiri anayetafuta mtu wa kujaza majedwali hataulizia uthibitisho wowote. Kwa familia nyingi shahada mbili kamili si jambo la kuwezekana, wala si lazima. Ndani ya shahada moja ya miaka mitatu huwa na nafasi za kozi za hiari, na nafasi hizo ndizo hujazwa na chochote kinachosemekana kuwa rahisi. Zikijazwa kwa hisabati, sehemu kubwa ya faida imepatikana bila mwaka wa ziada.

Na haja ipo, si katika mifuko na kampuni za bima peke yake. Vyama vya wafanyakazi navyo vinahitaji watakwimu bima wao wenyewe, watu wanaoweza kuketi mezani, kuipokea tathmini ya mfuko, na kuirudia hesabu tangu mwanzo. Bila watu hao upande mmoja huja na namba na upande wa pili huja na malalamiko, na mazungumzo ya namna hiyo hayana usawa hata kama kila mmoja ana nia njema.

Mwalimu anayefundisha mfululizo wa kijiometri muhula huu aweza kuanza bila kusubiri chuo. Awape wanafunzi kizidisho cha 12.5 na kile cha 15.5, kisha awaulize kila kimoja kinatosha miaka mingapi ikiwa riba ni asilimia 3 badala ya 5. Watakaokokotoa vizuri watapata karibu miaka 16 kwa cha kwanza, na zaidi kidogo ya 21 kwa cha pili. Baadaye awaulize ni ipi kati ya riba hizo mbili inayofaa kutumika kwa pensheni ya mwalimu wao.