Mkulima wa Ruzizi Hakaushi Visima

Kuanzia Uvira hadi Kamanyola, kisima kikipungua maji mkosaji hatafutwi mbali: ni mkulima. Amefyeka kichaka, amepanua shamba, basi shamba limemaliza maji ya chini. Dawa nayo ni ileile siku zote, mashamba yapunguzwe na miti ipandwe. Imani hiyo inamwonea mtu, na tena inaficha hatari halisi ya Uwanda wa Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Burundi.

Miti ya porini huzamisha mizizi mbali na hunywa hata katika kiangazi cha Juni hadi Septemba. Mahindi na maharagwe yana mizizi mifupi, na yakishavunwa shamba haliwi na cha kunywa maji. Kwa hiyo, kwenye ardhi tambarare inayolimwa kwa mvua tu, sehemu kubwa zaidi ya mvua ile hupata nafasi ya kuzama.

Anayebisha atazame kusini-magharibi mwa Niger. Katika ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1980, savana ilikuwa ikifyekwa ili kupanda uwele. Nani asingetarajia visima vikauke? Lakini kati ya 1963 na 2007 maji ya ardhini yalipanda kwa karibu mita 4. Mvua iliteremka kutoka ardhi iliyofyekwa, ikajaa kwenye madimbwi, na kutoka humo ikazama.

Kupanda huko si neema kila mahali. Mwaka 1924 mhandisi wa reli W. E. Wood alieleza yaliyotokea Australia Magharibi: misitu ilipokatwa ili kulima, maji ya chini yalipanda na chumvi yake, yakaharibu ardhi na mito.

Hapo ndipo Ruzizi inapaswa kujitazama. Mpunga wa Kiringye, Luberizi na Sange hautegemei visima. Unanyweshwa kwa mifereji inayoteka mito ya milima ya Mitumba. Maji hayo huongeza yaliyo chini. Yasipopata mfereji wa kutokea, hukaribia uso wa ardhi, jua huyakausha, chumvi hubaki, na mpunga hudhoofika. Udongo wa chumvi si mgeni katika uwanda huu, upande wa Kongo wala wa Burundi.

Kilimo kinaweza kukausha ardhi, ndiyo. Saudi Arabia ilivuta maji ya kale kwa pampu ili kukuza ngano jangwani, hadi serikali ikalazimika kuachana na mpango huo. Lakini kilichomaliza maji kule ni pampu, na mkulima wa Sange mwenye jembe na shamba la mvua hastahili hukumu ileile.

Kwenye miteremko juu ya Uvira, hali inageuka. Udongo wa mlimani ukiachwa wazi, mvua haizami. Inateremka kwa nguvu kuelekea ziwani. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Huko juu miti inahitajika sana. Kuipanda mikaratusi kando ya visima vya uwandani ni jambo jingine kabisa: mti huo unakunywa mno.

Kabla mkulima hajakatazwa kulima, wakuu wa Uvira wapime kina cha visima mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Na fedha za kupanda mikaratusi uwandani zichimbe mifereji ya kutolea maji kwenye mashamba ya mpunga.