Kazi Isiwe Chambo wala Fimbo ya Dini



Katika eneo letu, kuanzia Kambarage hapa Shinyanga hadi machimbo ya dhahabu ya Geita, watu wa dini mbalimbali hukutana kazini kuliko mahali pengine popote. Mkristo, Mwislamu na mfuasi wa dini ya jadi hushuka katika duara moja na hula chungu kimoja. Kwa hiyo, dini ikigeuzwa kuwa kigezo cha kumpa mtu kazi au kumnyima, ufa huo hauishii kazini. Huingia sokoni, shuleni na hata majumbani.

Hayo tumekwisha kuyaona. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere, wilayani Chato, ulizuka ugomvi juu ya nani achinje wanyama ambao nyama yao huuzwa buchani. Kwa mazoea ya miaka mingi, kazi hiyo ilifanywa na Waislamu ili watu wote waweze kula. Baadhi ya Wakristo walidai nao haki ya kuchinja. Mahali palipostahili mazungumzo pakawa na vurugu. Mchungaji mmoja wa Tanzania Assemblies of God aliuawa, na watu wengine wakajeruhiwa. Shauri lililohusu riziki na dhamiri liligeuka kuwa msiba.

Lakini si kila shinikizo humwaga damu. Yupo msichana wa kazi za nyumbani anayelazimishwa kusali katika dhehebu la tajiri wake. Yupo kijana anayeulizwa dini yake kabla ya kuulizwa ujuzi wake. Yupo mchimbaji anayeshurutishwa kushiriki zindiko la mganga ili dhahabu ipatikane, na akikataa huitwa kisirani na kufukuzwa. Yupo Msabato anayepangiwa zamu ya Jumamosi kwa makusudi, na Mwislamu anayenyimwa nafasi ya sala ya Ijumaa. Sisi tunaodai Jumapili yetu iheshimiwe, tunayo haki gani ya kunyamaza siku za wenzetu zinapodharauliwa?

Sheria ya nchi haina utata. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na inamlinda hata yule anayeomba kazi. Kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hiyo nako ni ubaguzi.

Mafundisho ya Kanisa nayo yako wazi. Katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Ulionya pia dhidi ya kueneza imani kwa shuruti au kwa ushawishi usio wa haki, hasa kwa maskini. Anayesali kwa kuogopa kukosa ugali wa watoto wake hajaongoka, amenunuliwa.

Wapo watakaosema, "Biashara ni yangu, nitaajiri wa kwangu." Tunawajibu kwamba mali ni yako, lakini utu wa mfanyakazi si mali yako. Zipo kazi ambazo kwa asili yake zinadai imani fulani: katekista hawezi kuwa asiye Mkatoliki. Lakini mlinzi, dereva, mpishi au mhasibu apimwe kwa uaminifu na ujuzi wake, hata katika taasisi za Kanisa.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walizungumze jambo hili bila woga. Waajiri Wakatoliki waanze kujichunguza wao wenyewe. Anayeonewa asaidiwe, awe wa dini yoyote, kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Tena, panapotokea mvutano kama ule wa Buseresere, wazee wa dini zote waketi pamoja kabla uvumi haujatangulia.

Tukimtetea wa kwetu peke yake, tunatetea kundi. Tukimtetea pia asiye wa kwetu, hapo ndipo tunapotetea haki.